Vumbi la Jiwe la Saba

Katika miaka yangu yote ya kujifunza kuchonga herufi nilipigwa kofi moja tu, na lilikuwa la vumbi. Nilikuwa nimefagia chini ya meza, nikakusanya unga wa jiwe kwenye beleshi na kuupeleka jalalani, nikijiona mtoto mwenye adabu. Baba Mdogo alinifuata hadi mlangoni akanizaba. Baadaye akanikalisha kitako akanieleza. Herufi ikivunjika, jiwe haliungwi kwa saruji wala kwa rangi. Linaungwa kwa unga wake lenyewe uliochanganywa na gundi, na unga wa jiwe jingine hautafanana nalo hata ulie machozi ya damu. Kwa hiyo kila jiwe linaloingia karakana yetu lina mkebe wake, wenye namba, na vumbi lake lote huwekwa humo.

Naanza na hilo ili ujue kwa nini mkebe mtupu ulinitoa jasho.

Ukuta wa kumbukumbu una mawe kumi na mawili na majina mia tatu na kumi na nane. Tulipewa kazi hiyo na Kamati ya Kumbukumbu, miaka ishirini na mitatu baada ya bunduki kunyamaza. Serikali mbili zilikuwa zimeahidi ukuta huo na kusahau, hata wengine wetu tukaanza kusema wafu wetu wanasubiri foleni. Mimi nilichonga. Baba Mdogo, ambaye macho yake hayashiki tena mstari mwembamba, alipiga msasa. Kwa msasa hana mpinzani, ila hajui kuacha. Akianza kulainisha mahali, jiwe lenyewe litaomba radhi kabla yeye hajachoka.

Kwetu pana utaratibu. Kabla sijagusa jina kwa patasi, naliandika kwanza kwa penseli, kisha mtu wa familia anaitwa. Anapitisha kidole juu ya herufi zote, moja baada ya nyingine, na akifika mwisho anasema, "Ndiye." Asiposema, sichongi. Wako waliosema hivyo wakacheka, wako walioanguka. Mama yangu alipitisha kidole kwenye jiwe la saba, mstari wa nne, juu ya jina la kaka yangu, akarudia mara mbili kwa sababu macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. "Ndiye," akasema. Kisha akauliza jiwe litakaa juu kiasi gani ukutani, akainua mkono kupima, akapakariri mahali pale kama mtu anayejifunza kupapasa swichi ya taa katika nyumba mpya.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Watu walimwita Breki, kwa kuwa aliweza kusimamisha tani saba kumpisha kuku, kisha akasubiri vifaranga. Mwaka wa vita, watu wenye silaha walifika kwenye yadi ya malori na watu arobaini na mmoja wa mitaa yetu waliowateka, wakataka dereva wa kuwapeleka kwenye machimbo ya chokaa. Kila mtu alijua kilichokuwa kikifanyika machimboni. Breki alichomoa ufunguo wa lori akautupa kwenye shimo la choo. Wakampiga risasi pale pale, karibu na gurudumu la mbele. Nilikuwa darasa la tano.

Haya tuliyajua kwa Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi magari katika yadi hiyo hiyo. Yeye alijificha kwenye shimo la gereji, lile ambalo fundi husimama ndani yake gari likiwa juu, akakaa humo mpaka jioni. Lori liliondoka hata hivyo. Alisema wenye silaha walipata namna yao ya kuliwasha. Wale arobaini na mmoja hawakurudi, na majina yao pia yamo ukutani.

Kila mwaka siku hiyo ikifika tulikaa sebuleni, Baba Mdogo akasimulia, na Mama akaongeza kipande chake, maneno yale yale. "Shemeji alirudi mweupe mpaka kope. Shati lile nililifua maji matatu." Tulikuwa tumeyasikia mara nyingi mno hata yakawa kama sehemu ya salamu. Baada ya vita Baba Mdogo aliacha magari, akasema hawezi tena kusikia injini ya lori, akajifunza mawe. Alitulea kwa mawe hayo. Ada yangu, dawa za Mama, paa la nyumba, vyote vilitoka mikononi mwake. Kama ungeniuliza mwezi uliopita nimtaje mtu mmoja mwema duniani, nisingefikiria mara mbili.

Sasa, siku nne kabla ya ufunguzi uliopangwa Jumamosi, mafundi waliokuwa wakifunga vishikizo waligonga kona ya jiwe la saba, ikabanduka kipande kidogo kama ukucha. Si jambo la kuniumiza kichwa. Nilikwenda kwenye rafu asubuhi, nikachukua mkebe wa saba, nikaufungua. Ulikuwa umekwanguliwa mpaka bati linang'aa.

"Baba Mdogo, unga wa saba uko wapi?"

Alikuwa amenipa mgongo, akinoa patasi ambayo haikuwa butu. "Niliumwaga. Uliingia mende."

"Uliumwaga?"

"Mwanangu, mende."

Huyu ndiye mtu aliyenizaba kofi kwa beleshi la vumbi. Niliufunika mkebe, nikaurudisha, nikachukua chupa yangu ya maji ya kunywa na kwenda ukutani.

Ukuta ulikuwa umefunikwa turubai. Askari wa zamu ananifahamu, akaniambia nisikanyage waya. Nilijipenyeza nyuma ya turubai mpaka jiwe la saba. Mstari wa nne una majina matatu. Nilihesabu mawili. Katikati palikuwa na uwazi laini, msafi, unaopendeza. Nilihesabu tena, nikidhani nimechanganya mistari, kisha nikaweka kiganja pale.

Jiwe hunywa maji, gundi hainywi. Jina lililozibwa kwa ufundi halionekani likiwa kavu, hata kwangu. Nilimimina maji ya chupa. Jiwe likaiva, likawa jeusi, na katikati yake zikabaki herufi za kaka yangu, nyeupe, kila moja mahali nilipoichonga. Nilisimama nikizitazama mpaka jua lililopenya turubai likalikausha jiwe na jina likaondoka tena. Nililia kwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Katibu wa Kamati. Ni mtu wa suti mbili na tabasamu moja.

"Dada, kaa kwanza," akasema.

"Sikai. Nani amefuta jina la kaka yangu?"

"Hakuna aliyefuta. Tumesahihisha. Kanuni unaijua, kila jina linataka mashahidi wawili wa macho. Shahidi wa kwanza, mlinzi wa yadi, Mungu amrehemu, alishafariki. Wa pili amebadilisha kauli."

"Shahidi wa pili ni Baba Mdogo."

Alinisogezea karatasi bila kunitazama. Sikuhitaji kusoma jina la chini, maana mwandiko ule ndio ulionifundisha herufi. *Naomba kusahihisha maelezo yangu ya awali. Kijana huyo hakufia yadi. Alitoroka kabla ya tukio na sijui alikofia.*

Alitoroka. Nililisoma neno hilo mara tatu.

"Na wewe ukaamini?"

"Dada, mimi siamini wala sikanushi, mimi naweka kwenye faili. Na nikuambie kama ndugu, si kila jeraha ni la kuchokonoa. Yule binti anayeandika kitabu cha ukuta, kila jina ukurasa wake, alikuwa ameanza kuuliza maswali yasiyosaidia umoja. Sasa tumetulia. Mzee mwenyewe alijitolea kuziba, kazi safi, wala hakutaka usumbuke."

"Mlipanga kutuambia lini?"

"Baada ya sherehe," akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli.

Nilimkuta Baba Mdogo amekaa kwenye benchi ya karakana, mikono magotini. Alijua. Niliweka chupa tupu mezani mbele yake.

"Nimelimwagia maji," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua utalimwagia. Nilikufundisha vizuri."

"Kwa nini umeandika alitoroka?"

Nje mtu alikuwa akiburuta toroli lenye gurudumu bovu, na tulisubiri wote wawili mpaka likapita.

"Yule binti wa kitabu alikuja mara tatu," akasema. "Kila akija ana swali moja. Kama Breki alitupa ufunguo chooni, lori liliondokaje?"

"Uliniambia waliliwasha wenyewe."

"Lori lile huliwashi kwa waya. Kulikuwa na ufunguo wa akiba. Ulikuwa kwenye msumari, nyuma ya kalenda, ofisini. Tulioujua ni wawili, Breki na mimi."

Nilishika meza.

"Nilikuwa shimoni kweli," akasema. "Sikukudanganya hapo. Walipompiga nilikuwa shimoni. Kisha mmoja akainama akaona viatu vyangu. Wakanitoa."

"Ukawapa ufunguo."

"Nikawapa."

"Na nani aliliendesha?"

Alitazama mikono yake.

"Baba Mdogo, nani aliliendesha?"

"Gia ya pili ilikuwa mbovu. Ukiikosea linakwama. Walijaribu, likawakwamia pale pale. Wakaniwekea bunduki hapa." Akagusa nyuma ya sikio. "Mwanangu, kaka yako alikuwa bado yuko pale chini. Ilibidi nirudi nyuma kwanza ili nisimkanyage."

Nilitaka kumhurumia, na huo ndio ukweli. Mtu aliyewekewa bunduki sikioni simhukumu, kwa kuwa sijui mimi ningefanya nini. Kama angeniambia hayo nikiwa na miaka ishirini, ningelia naye. Lakini bunduki ile ilikuwepo siku moja. Siku alipoandika kwamba kaka yangu alitoroka hapakuwa na bunduki. Palikuwa na kalamu, kiti na chai ya Katibu.

"Uliogopa swali," nikasema, "ukaona heri umfute Breki anayelileta."

"Niliogopa mama yako."

"Sasa mama yangu atagusa nini Jumamosi?"

Hapo ndipo alipoinua uso, na alilosema sitalisahau nikiwa hai. Alilisema kwa upole, kwa sauti ile ile aliyonifundishia kushika patasi.

"Yeye hauoni ukuta, mwanangu. Mshike mkono, umpeleke kwenye jina la chini yake, mstari wa tano. Urefu ni karibu sawa. Ataridhika. Ana miaka mingapi ya kubaki? Mwache afe na amani yake."

Nilitoka bila kufunga mlango.

Siku tatu nilijaribu kumwambia Mama. Kila nikifungua mdomo nilimkuta na jambo la Jumamosi mkononi. Alikuwa akipiga pasi gauni lake kwa kupapasa mishono, au akifanya mazoezi ya kuinua mkono mbele ya ukuta wa chumbani. "Hapa," aliniuliza, "au juu kidogo?" Nilimjibu, "Hapo hapo, Mama." Nilikuwa naona aibu kwa kosa lisilo langu, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Nikaamua nitabeba ndoo ya maji.

Jumamosi viti vilipangwa kwa wadhifa. Familia za waliochonga na za waliochongwa tuliwekwa mbele. Mama alikaa katikati yetu, mkono wake wa kushoto umeshika wangu, wa kulia umeshika wa Baba Mdogo, kama alivyotembea naye kwenye kila msiba na kila arusi tangu baba afe. Ndoo ilikuwa chini ya kiti changu. Katibu alipoiona aliniuliza kwa nyusi. Nikamwambia ni ya kusafishia vumbi kabla ya picha, akafurahi, kwani anapenda picha.

Hotuba zilikuwa tano na zote zilisema tusisahau. Kisha Baba Mdogo akaitwa jukwaani kupewa cheti, fundi aliyewarudishia wafu heshima yao, ndivyo kilivyosema. Watu walipiga makofi. Mama alipiga kuliko wote, na alipoketi tena Baba Mdogo, alimpapasa goti akasema, "Umefanya kazi kubwa, shemeji." Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Turubai likashushwa, familia zikaruhusiwa kusogea. Baba Mdogo alisimama upesi kuliko nilivyotarajia. Alimshika Mama mkono akamwongoza mpaka jiwe la saba, nami nikafuata na ndoo. Nilidhani kwamba, akifika pale mbele ya jiwe lenyewe, atashindwa. Hakushindwa. Aliinua mkono wa Mama akauweka kwenye mstari wa tano, akasema, "Huyu hapa, shemeji."

Mama alipitisha kidole. Herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama.

"Huyu si wangu," akasema.

"Ndiye, shemeji. Ni baridi ya jiwe tu, inabadilisha."

"Nimemzaa mwenyewe, shemeji. Herufi zake nazijua." Mkono wake ukapanda wenyewe, pale alipofanyia mazoezi, ukafika kwenye uwazi laini. Vidole vilizunguka pale polepole. Mama alipiga msasa katika karakana yetu kwa muda wa miaka kumi na mitano, kabla macho hayajamwacha, bega kwa bega na Baba Mdogo, jiwe moja, maji ya ndoo moja. Niliona uso wake ukibadilika, na nilijua sihitaji kumweleza chochote.

"Hapa pamezibwa," akasema. "Na pamelainishwa kupita kiasi. Ni msasa wako huu."

Baba Mdogo alisema, "Shemeji, twende tukakae."

Nikainua ndoo nikamwaga. Maji yalilowesha viatu vya Katibu, aliyekuwa amesogea kutazama kulikoni. Jiwe lote likaiva jeusi, na jina la kaka yangu likajitokeza jeupe katikati ya mstari wa nne, na watu waliokuwa karibu wakaanza kulisoma kwa sauti, mmoja, halafu wengine, kwa sababu hakuna mtu wa mitaa yetu asiyemjua Breki.

Mama aliwasikia wakisoma. Alibaki na mkono juu ya jiwe lililolowa, maji yakimchuruzika mpaka ndani ya mkono wa gauni, lile la pasi. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimgeukia Baba Mdogo, akamtafuta kwa kile kivuli anachokiona.

"Shemeji," akasema, "lile shati nilikufulia mimi. Maji matatu. Nimelisema kila mwaka na wewe umekaa unanisikiliza."

"Shemeji..."

"Shimo la gereji ni oili tupu. Lile vumbi jeupe ulilitoa wapi?"

Cheti kilikuwa bado mkononi mwa Baba Mdogo. Wengi wa waliosimama pale walikuwa na ndugu katika wale arobaini na mmoja. Jua lilikuwa kali na jiwe lilikuwa limeanza kukauka kutoka pembeni, herufi ya kwanza imeshapotea. Mama alikuwa bado anasubiri jibu. Niliichukua ndoo nikaenda bombani kuteka maji mengine.